Msimu wa Kengele: Kutoka Columbus Hadi Atlanta

Jumamosi, 31 Agosti 2024. Columbus, Ohio

Tumeingia uwanjani saa nne asubuhi, wanakwaya kumi na wawili. Mechi, ya mpira wa Kimarekani, ni saa tisa na nusu alasiri, lakini kwanza majiko yawashwe, mashine ya bisi ioshwe, barafu ipangwe, na kila mmoja afundishwe kupokea malipo ya kadi. Vikundi vya kujitolea hupewa vibanda vya chakula humu ndani siku za mechi, na hesabu ikifungwa kikundi hupata asilimia ya mauzo. Sisi tunatafuta fedha za kinanda kipya na kodi ya ukumbi tunamoabudu. Saba kati yetu ni Wakongo, watatu Warundi, wawili tuliobaki ni mimi na mke wangu, watu wa Korogwe. Mama Mwalimu, kiongozi wa kwaya yetu, mzaliwa wa Bukavu, amenikabidhi daftari la stoo. Kurasa za nyuma ni tupu, kwa hiyo nitaandika humo.

Ohio Stadium ulifunguliwa mwaka 1922. Umejengwa kama kiatu cha farasi, na unaingiza watu 102,780. Uwanja wa Mkapa pale Dar unaingiza 60,000, na pale ndipo Simba na Yanga wanapokutana. Hapa wanaocheza ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Ohio State. Miaka mitatu nimeishi mji huu nikipita nje ya kuta hizi, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa ndani.

Ila kibanda chetu kiko chini ya majukwaa, na kiwanja hatukioni. Tunakisikia. Mtu akipewa mapumziko ya dakika kumi anaweza kwenda hadi mdomo wa njia ya kuingilia jukwaani, akachungulia kipande kidogo cha majani mabichi, kisha arudi kwenye soseji.

Mzee mmoja aliyekuja kununua kahawa aliona ninavyoshtuka kila kelele zinapopanda, akanifundisha kusikiliza. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kuusogeza yadi kumi. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Mpira ukiwa wa Ohio State, mashabiki hunyamaza ili wachezaji wasikie maagizo ya kwotabeki wao, yule anayeupokea na kuugawa. Mpira ukiwa wa wageni, watu wote hupiga kelele ili wageni wasisikilizane. Kwa hiyo kimya ni chetu, kelele ni za wageni, na mlipuko baada ya kimya ni tachidauni, pointi sita. Nikashika hivyo hivyo. Leo milipuko imekuwa mingi: 52 kwa 6 dhidi ya Akron. Kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Florida, Jeremiah Smith, amefunga tachidauni mbili katika mechi yake ya kwanza ya chuo.

Tulipokuwa tunasugua majiko, kengele ikaanza kulia juu ya mnara. Kengele yenyewe, si ya kurekodiwa. Mama Mwalimu aliacha kufuta meza, akainua kidole: "Sikilizeni." Wanafunzi huivuta kwa kamba kila timu ikishinda nyumbani, dakika kumi na tano mfululizo. Iliwekwa mwaka 1954, ina uzito wa zaidi ya tani moja. Kwetu Korogwe kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, ikigongwa kwa nondo. Sauti ni tofauti kabisa, lakini mwili uliitambua: kazi imekwisha, nendeni nyumbani.

7 na 21 Septemba

Western Michigan 56 kwa 0. Marshall 49 kwa 14. Tumeuza maji mpaka stoo ikakauka. Kengele mara mbili.

Jumamosi, 5 Oktoba

Iowa, 35 kwa 7. Yule mzee wa kahawa amekuja tena wakati wa mapumziko, akasimama pembeni ya foleni kuzungumza. Baba yake alimleta hapa akiwa mdogo. Anasema mwaka huu hakuna udhuru. Zamani mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kulipwa. Sasa anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina lake na sura yake, na mkurugenzi wa michezo wa chuo mwenyewe alitaja hadharani dola milioni 20 hivi kwa kikosi hiki. Kwotabeki, Will Howard, wamemtoa Kansas State. Mlinzi wa nyuma, Caleb Downs, ametoka Alabama. Quinshon Judkins, anayekimbia na mpira, ametoka Mississippi. Halafu kuna wakubwa ambao wangeweza kwenda kucheza kwa mishahara minono huko juu, kwenye ligi ya kulipwa, wakaamua kubaki mwaka mmoja zaidi: Jack Sawyer, TreVeyon Henderson, Emeka Egbuka, JT Tuimoloau, Denzel Burke. Niliuliza wamebakia nini. Mzee akanyoosha kidole kaskazini.

"Kwa sababu ya hao," akasema. "Hawajawahi kuwafunga."

Watu wa hapa hawapendi hata kulitaja jina la Michigan. Husema "ile timu ya kaskazini". Kengele, akaniambia, hulia nusu saa nzima siku ya kuwafunga. Mara ya mwisho kuwafunga hapa nyumbani ilikuwa 2018.

Jumamosi, 12 Oktoba. Nyumbani

Timu iko Eugene, jimbo la Oregon, upande wa pili wa nchi. Tumetazama kwa jirani. Mara ya kwanza kuona mechi nzima kwa macho, na nilichanganyikiwa: sauti ya mtangazaji ilinizuia kusikia uwanja. Tumefungwa 32 kwa 31. Howard alikimbia na mpira mwishoni, akajilaza chini ili mpigaji wao aupige mpira kati ya milingoti wapate pointi tatu za ushindi. Alipogusa majani, saa ilikuwa imefika sifuri. Nimelala nikimwona bado yuko chini, anageuka kutazama saa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nebraska, 21 kwa 17. Kengele ililia lakini watu waliondoka na nyuso nzito.

Jumamosi, 2 Novemba

Ugenini Penn State, mbele ya watu zaidi ya 111,000. Zimebaki dakika tano na kitu, wenyeji wanahitaji tachidauni, mpira uko yadi tatu tu kutoka mstari. Majaribio manne. Ulinzi ukazuia la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kisha Ohio State wakachukua mpira na hawakuutoa tena mpaka saa ikaisha: kukimbia, kuanguka, kukimbia, kuanguka. 20 kwa 13. Howard mwenyewe ni mzaliwa wa Pennsylvania, na Penn State hawakumtaka alipokuwa anatafuta chuo. Nimemfurahia kama mtoto wa ndugu.

Jumamosi, 23 Novemba

Zilizopita kati: Purdue 45 kwa 0 hapa nyumbani, Northwestern 31 kwa 7 kule Chicago, kwenye uwanja wa besiboli wa Wrigley Field. Leo walikuja Indiana ambao hawakuwa wamefungwa na mtu. 38 kwa 15. Wakati wa mapumziko yangu nilikimbia hadi mdomo wa njia na nikafika wakati ule ule Caleb Downs anaudaka mpira uliopigwa juu, akakimbia nao yadi 79. Niliona yadi labda kumi na tano za mbio zile, zilizopita mbele ya kipande changu cha majani. Zilizobaki nilizisikia zikienda.

Tumevuka nusu ya fedha za kinanda.

Jumatano, 27 Novemba

Chuoni wamefuta herufi M zote. Kila ubao na kila kibao chenye M, mtu amekibandika alama nyekundu ya mkasi juu yake. Nimemwambia mke wangu hii ni wiki ya watani wa jadi, akacheka, akasema nimlinganishie na kwetu. Nimejaribu nimeshindwa. Shabiki wa Simba na wa Yanga wanaweza kulala kitanda kimoja wakaamka wakataniana kwenye chai. Huku ni kitu kigumu zaidi, na kina mizizi ya mpaka: mwaka 1835 Ohio na Michigan walipeleka wanamgambo kugombea ukanda wa ardhi wa Toledo, kabla Michigan haijawa jimbo. Ohio ikapata Toledo. Timu zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika saa nne usiku. Mikono bado inanuka sabuni ya majiko.

Mechi ilianza saa sita mchana, baridi kali. Watabiri wote walisema Ohio State watashinda kwa tofauti ya pointi ishirini hivi; Michigan walikuwa wamepoteza mechi tano msimu huu. Tuliuza chokoleti ya moto kuliko soda. Wakati wa mapumziko ilikuwa 10 kwa 10. Mzee wa kahawa alikuja, akalipa, hakusema neno. Nilitaka kumwambia pole mzee, nikaona ni mapema na ni kumkosea.

Nusu ya pili sitaisahau. Kimya ni chetu, mzee alinifundisha, basi nilisikia kimya mara nyingi: mpira ni wetu. Lakini kilikuwa kimya kisichofika popote. Kimya, halafu mguno. Kimya, halafu mguno. Timu ilikuwa na wakimbiaji hodari wa mipira mirefu, na bado ikawa inasukuma katikati, ambako Michigan walikuwa na majitu wawili wa ulinzi, na ikawa kama kusukuma ukuta. Katika mechi nzima Howard aliwarushia wapinzani mpira mara mbili. Jayden Fielding, mpigaji, alikosa milingoti mara mbili. Wanunuzi waliacha kuja. Tulisimama kibandani watu kumi na wawili na soseji zinazokauka, tukisikiliza watu zaidi ya laki moja wasiosema kitu.

Zikiwa zimebaki sekunde 45, Michigan walipiga mpira ukapita kati ya milingoti. 13 kwa 10. Baada ya hapo hapakuwa na mlipuko mwingine.

Kisha tukasikia zomeazomea, na baadaye kelele ambazo sikuwa nimezisikia msimu mzima, kali, za watu wengi kwa pamoja lakini bila mpangilio. Wachezaji wa Michigan walikuwa wamepeleka bendera yao katikati ya kiwanja wakataka kuisimika juu ya nembo ya wenyeji. Wakapigana. Jack Sawyer, ambaye amekulia Pickerington, hapa hapa pembezoni mwa mji, aliing'oa bendera mkononi mwao. Polisi walipuliza dawa ya pilipili. Nimeyaona haya usiku huu kwenye simu. Kule chini tulisikia tu vishindo, na watu wakaanza kushuka ngazi kwa haraka, wengine wanalia. Mtoto mmoja wa kama miaka minane alisimama mbele ya kibanda akitazama bisi bila kuzitaka. Mama Mwalimu akamjazia mfuko, akampa bure, akaandika thamani yake kwenye daftari ili ailipie mwenyewe.

Tukaanza kusugua. Nilijua haitalia, lakini masikio yalikuwa yanangojea. Ukimya wa mnara ule ulikuwa mkubwa kuliko ukimya wa jukwaa. Katikati ya kusugua, Mama Mwalimu akaanzisha pambio kwa sauti ya chini, sauti ya pili ikaingia, ya tatu ikafuata. Watu wawili waliovaa nyekundu walikuwa wamekaa sakafuni wameegemea ukuta wetu. Walibaki hapo mpaka tulipomaliza.

Hii ni mara ya nne mfululizo Michigan kuwafunga. Wale waliobaki kwa ajili ya mechi hii wameipoteza ya mwisho.

Jumanne, 3 Desemba

Kazini, ghalani, zamu ya usiku, hakuna anayezungumza kitu kingine. Redioni wanataka kocha Ryan Day afukuzwe. Ameshinda mechi nyingi sana tangu achukue timu mwaka 2019, lakini wanampimia ile moja. Nimesikia mtu mzima akilia hewani. Sikumwona mjinga. Mtu aliyekaa na baba yake kwenye benchi moja kwa miaka arobaini, baba akafa, benchi likabaki, huyo akilia huwa halii kwa ajili ya pointi tatu.

Jumapili, 8 Desemba

Majina yametangazwa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mtoano wa ubingwa wa taifa una timu kumi na mbili badala ya nne. Ohio State wamewekwa nafasi ya nane, wataanza na Tennessee, na watachezea nyumbani. Mfumo wa zamani ungewaacha nje. Mama Mwalimu amepiga simu kabla sijamaliza kusoma: kibanda kipo, mnakuja?

Jumamosi, 21 Desemba

Mechi ya usiku, saa mbili. Maji yaliyomwagika mlangoni yaligeuka barafu. Tulipoingia tuliona rangi ya chungwa kila mahali: mashabiki wa Tennessee wamekuja kwa maelfu, wamenunua tiketi ambazo wenyeji waliouchukia msimu waliziuza. Nilihofia kwamba mafunzo yangu ya masikio yatavurugika, nisijue kelele ni za nani.

Haikuchukua muda. Kimya, mlipuko. Kimya, mlipuko. Kimya, mlipuko. Robo ya kwanza 21 kwa 0. Safari hii hawakusukuma ukuta: Howard alirusha mbali, Smith akadaka, tachidauni mbili zake. Ilikuwa kama timu nyingine imevaa jezi zile zile. Mashabiki wa Tennessee walianza kuja kununua chokoleti ya moto robo ya pili, wapole, wakatuuliza tunatoka wapi. Mmoja aliwahi kukaa Arusha miezi sita. Alisema "asante sana" kwa matamshi mazuri.

42 kwa 17.

Mzee wa kahawa hakuja. Nilimtazamia hadi robo ya nne.

Lakini kengele ililia. Katika baridi ile sauti yake ilikuwa kavu, karibu. Kijana wetu Mrundi, anayetuendeshea gari, alitoka nje bila koti akasimama akitazama mnara mpaka dakika kumi na tano zikaisha, akarudi meno yanagongana.

Hii ndiyo mechi ya mwisho ya nyumbani. Kinanda kimepatikana.

Jumatano, 1 Januari 2025

Pasadena, California. Oregon tena, wale wa 32 kwa 31, sasa hawajafungwa msimu mzima na wameorodheshwa wa kwanza. Tulikuwa tumekula pilau ya mwaka mpya, wageni kumi na mmoja sebuleni. Kabla sahani hazijaondolewa ilikuwa 34 kwa 0. Ikaisha 41 kwa 21. Mke wangu aliuliza kama hii ndiyo timu ile iliyonifanya nishindwe kula siku mbili mwezi wa kumi na moja.

Ijumaa, 10 Januari

Nilikuwa zamuni ghalani, kisikilizi kimoja sikioni, kingine mfukoni. Texas, kule Arlington. 14 kwa 14, kisha 21 kwa 14, na zimebaki dakika chache Texas wamefika yadi moja kutoka mstari. Yadi moja ni hatua ya mtoto. Nikaweka boksi chini. Jaribio moja likawarudisha nyuma yadi saba. Jaribio la nne, mtangazaji akapaza sauti, maneno yakapotea, nikasikia tu jina: Sawyer. Sawyer. Sawyer.

Alikuwa amemfikia kwotabeki wa Texas, Quinn Ewers, akaupangua mpira mkononi mwake, akauokota, akakimbia yadi 83. Sawyer na Ewers waliwahi kukaa chumba kimoja, Ewers alipokuwa Ohio State mwaka 2021. Msimamizi wangu alikuja kuuliza kwa nini mstari umesimama, akaona uso wangu, akauliza: "Nani?" Nikamwambia. Akaenda zake bila kusema neno, lakini aligonga kila rafu aliyopita kwa kiganja.

28 kwa 14. Fainali ni Atlanta.

Jumamosi, 18 Januari. Njiani

Mdogo wake Mama Mwalimu anaishi Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, mji uliopokea wakimbizi wa mataifa mengi tangu miaka ya 1980. Amesema njooni, tiketi hamtaweza lakini chakula na godoro vipo. Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri: Mama Mwalimu mbele, mimi na mke wangu nyuma, kijana Mrundi kwenye usukani. Maili 570 hivi.

Jua lilituchomozea Cincinnati tukivuka Mto Ohio. Kentucky, kuzunguka Lexington, ni uzio mrefu wa mbao na farasi waliovishwa mablanketi. Kila kituo cha mafuta tulikuta magari yenye vibendera vyekundu yakielekea kusini, mtu anapaza herufi mbili, "O! H!", na yeyote aliye karibu anajibu mbili zilizobaki, "I! O!" Mama Mwalimu alijibu kwa sauti ya kwanza ya kwaya, na kituo kizima kikageuka. Baada ya hapo alikuwa anaanzisha yeye.

Milima ya Jellico ina kona na ukungu. Knoxville, mji wa Tennessee, bado ina bendera za chungwa barazani. Tulipita kimya, bila kupanga. Chattanooga tulikula chapati zilizobaki. Clarkston tuliingia jua likizama, na mlangoni tulipokelewa na harufu ya sombe, kisamvu cha Wakongo.

Jumapili, 19 Januari

Ibada asubuhi, tumeimba nyimbo mbili kwa kinanda cha watu. Mchana tulishuka mjini hadi Auburn Avenue, alikozaliwa Martin Luther King mwaka 1929. Kaburi lake na la mkewe Coretta liko katikati ya bwawa la maji, ng'ambo ya barabara nyembamba tu kutoka nyumba za jirani. Kesho ni sikukuu yake ya kitaifa, na kesho hiyo hiyo Notre Dame wataingia fainali chini ya Marcus Freeman, kocha wa kwanza mweusi kufikisha timu kwenye fainali hii. Mama yake ni Mkorea. Na ni mtoto wa Ohio: alicheza ulinzi Ohio State. Nilisimama pale kandokando ya maji nikashindwa kumwombea mabaya.

Jumatatu, 20 Januari. Clarkston

Mechi ilikuwa saa moja na nusu usiku. Uwanja wa Mercedes-Benz uko maili chache kutoka sebule hii, na tulijaribu kusikia kitu dirishani, bure. Tulikuwa watu kumi na tisa, wengi hawajawahi kutazama mchezo huu. Nikapewa kazi ya kueleza. Nilianza na yale ya mzee wa kahawa: majaribio manne, yadi kumi, kimya, kelele.

Notre Dame walianza na mpira wakaushikilia karibu dakika kumi, michezo kumi na minane mfululizo, wakafunga. Watoto waliuliza kama Ohio State watapewa mpira. Wakapewa. Tachidauni, tachidauni, tachidauni. Judkins akaanza nusu ya pili kwa mbio za yadi 70. Ikawa 31 kwa 7, na nikaona mji mzima wa Columbus umepumua.

Notre Dame hawakufa. 31 kwa 15. 31 kwa 23. Nilisimama. Mama Mwalimu alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. Zimebaki kama dakika mbili na nusu, jaribio la tatu, yadi kumi na moja zinahitajika. Tarehe 30 Novemba, hapa ndipo wangesukuma katikati. Nilijua wanajua hivyo. Howard alirudi nyuma akarusha mbali kwa yule kijana wa mwaka wa kwanza. Yadi 56. Sebule ililipuka, na mlipuko ule niliufahamu. Ulikuwa ule ule niliozoea kuusikia kupitia zege, sasa uko chumbani nami.

Ikabaki kupiga mpira kati ya milingoti kuwamaliza. Aliyeingia ni Jayden Fielding, yule aliyekosa mara mbili dhidi ya Michigan. Kila mtu sebuleni alikuwa anapiga kelele isipokuwa sisi wanne wa kibandani. Yadi 33. Ukapita katikati, sekunde 26 zimebaki.

34 kwa 23. Ubingwa wa tisa wa taifa, wa kwanza tangu msimu wa 2014. Kocha waliyetaka kumfukuza siku 51 zilizopita amesimama kwenye karatasi za rangi zinazoanguka, hawezi kuzungumza vizuri.

Jumanne, 21 Januari

Tumeondoka gizani kwa sababu Georgia inangojea theluji. Hakuna aliyesema mengi. Knoxville, milima, mto.

Jumapili, 26 Januari. Columbus

Timu imesherehekea na watu wake Ohio Stadium, saa sita mchana. Leo sikuvaa aproni. Nimepanda ngazi badala ya kugeuka kushoto kwenda kibandani, nikatokea juu, na kwa mara ya kwanza nikaona kiwanja chote, kutoka mwisho hadi mwisho, na mnara wa kengele pembeni.

Ni kikubwa kuliko nilivyokisikia. Nilimtafutia mke wangu mdomo wa njia tuliokuwa tunachungulia, tukaupata mbali upande wa pili, mdogo kama tundu la kuku. Mzee wa kahawa alikuwa safu nane chini yetu, na blanketi miguuni. Nilishuka kumwamkia. Alikuwa amelazwa Desemba, moyo. Daktari alimkataza baridi. Usiku ule wa Tennessee alikuwa hospitalini, akaomba dirisha lifunguliwe kidogo ili asikie kengele. Wauguzi walikataa.

Nikamweleza ilivyolia: kavu, karibu, dakika kumi na tano zote. Alitaka nirudie. Wachezaji walikuwa wanaingia, watu wamesimama, na Mama Mwalimu kule juu alikuwa amekaa amefumba macho, kichwa kimeinamia upande mmoja, anasikiliza.